Fizibli Inaungua Kila Siku: Tulimsikiliza Motari, Tukapata Waya

Ndugu wanachama, mnajua msimu B hausubiri mtu. Mbegu za maharagwe zikichelewa depo, mvua inazitangulia. Ndiyo sababu tulisikitika tulipofika kwenye koperative moja huku Walungu na kukuta magunia bado yamepangwa ukutani, pikipiki imelazwa kando, na kamati inabishana na motari.

Pikipiki ile ni ya zamani, na cheche yake inatoka kwenye batri. Fizibli (wengine wanaita fyuzi) ikiungua, injini inazima hapo hapo. Katika wiki moja ziliungua tatu. Ya nne motari hakuwa nayo, akafunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Pikipiki ikatembea, lakini baadaye kiti kikaanza kutoa moshi, na tangi la esansi liko mbele yake tu! Alitoa waya wa batri haraka, akaponea hapo. Kamati ikasema anaharibu mali ya wote, ikaanza kumkata makuta.

Tuseme wazi: karatasi ile ilikuwa kosa. Fizibli ni kinga. Inaungua ili waya zisiungue. Mkiiwekea karatasi au waya mnene, mnaondoa mlinzi na kumwacha mwizi ndani.

Sisi ni watu wa mashamba, si mafundi, lakini pikipiki za kazi zimetufundisha kidogo. Tuliweka fizibli mpya, tukawasha. Taa sawa, honi sawa, injini inanguruma. Nusu saa nzima hakuna kilichoungua. Hata sisi tulianza kumtazama motari vibaya kidogo.

Ndipo akasema, «Hapa haitaungua. Inaungua nikiteremka na mzigo. Nikipanda, hapana.»

Neno hilo lilitusaidia kuliko vyuma vyote vya fundi. Mtu anayeteremka na mzigo anafanya nini? Anakanyaga breki, na nyuma pikipiki imekaa chini.

Tulitoa fizibli. Mahali pake tukaunganisha ampuli ya taa ya kukata kona, ya volti 12 na wati 21, kwa vipande viwili vya waya. Pikipiki ya volti 6 inataka ampuli ya volti 6. Ampuli hii inaacha umeme mdogo tu upite, chini ya ampea 2, kwa hiyo mnaweza kutafuta bila kuunguza kitu. Ikiwaka kwa nguvu zote, jueni kuna waya unaogusa chuma cha pikipiki, yaani masi. Ikiwaka hafifu, ni vifaa vyenyewe vinakula umeme wao wa kawaida.

Tulitoa pia ampuli ya breki ya nyuma, ili umeme usiwe na njia ya haki ya kupita huko. Kontakti ikafunguliwa: ampuli yetu hafifu. Tukakanyaga breki: hafifu vile vile. Tukapakia magunia mawili, tukakanyaga tena. Ikawaka kama jua.

Tulichomoa kiunganishi cha waya zinazokwenda nyuma, chini ya kiti. Ikarudi hafifu. Basi ubaya ulikuwa kati ya kiti na taa ya nyuma, sehemu fupi isiyofika mita moja. Tulipitisha vidole polepole mpaka chini ya chuma cha kubebea mizigo. Hapo plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka, shaba inaonekana. Chuma kile kilichomelewa mwaka jana ili kibebe magunia mengi zaidi, na aliyechomelea hakusogeza waya. Moto wa kuchomelea ulilainisha plastiki, mizigo ikamalizia kazi.

Tulikata kipande kibovu, tukaweka waya mpya wenye unene ule ule, tukasokota vizuri, tukazungushia skochi, kisha kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Tukaufunga mbali na chuma. Mkitaka kuchomelea kitu kwenye pikipiki, toeni batri na msogeze waya kwanza.

Kwenu inaweza kuwa mahali pengine. Ikiungua mnapokata kona, angalieni waya zinazopinda pale usukani unapogeukia. Tazameni pia chini ya tangi na karibu na bomba la moshi. Na kama pikipiki inalala depo pamoja na mbegu, msisahau panya: akikosa maharagwe anatafuna waya.

Kesho yake magunia yaliteremka yote, safari nne, kwa fizibli moja. Kamati imeacha kumkata motari. Makuta yaliyokwisha kukatwa bado hayajarudishwa. Tumeomba jambo hilo liandikwe kwenye mkutano ujao wa wanachama.