ALJEBRA NA HAKI YA MWANANCHI

Katika vyuo vya jamii vya Marekani, yaani vile vyuo vya miaka miwili vinavyompokea karibu kila mtu mwenye nia ya kusoma, lipo somo moja liitwalo aljebra ya kati. Husomwa kwa muhula mmoja tu. Hata hivyo wako watu wengi, wauguzi watarajiwa, makarani, akina mama wanaosoma usiku baada ya kutoka kazini, ambao masomo yao yameishia hapo.

Huenda wasomaji wetu wakauliza, aljebra ya Marekani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mmoja wa watu waliolipigania somo hili kwa nguvu kabisa alikaa katika nchi yetu miaka saba akiwafundisha watoto wetu hisabati huko Same, na habari zake tutazieleza hapa chini.

Tuanze na somo lenyewe. Mwanafunzi hufundishwa milinganyo, vipeo na vipeuo, sehemu zenye herufi badala ya namba, uchoraji wa grafu, na mwishoni logi. Kiini chake ni mlinganyo wa kipeo cha pili. Elimu hii si ya Wazungu peke yao, kama wengine wanavyodhani. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya tisa, aliandika kitabu ambacho neno la Kiarabu *al-jabr* lililomo katika jina lake ndilo lililozaa neno aljebra. Humo aliuliza hivi: mraba, ukijumlishwa na mara kumi ya ubavu wake, wapata 39, je, ubavu ni ngapi? Akajibu: chukua nusu ya kumi, ni 5. Izidishe kwa yenyewe, ni 25. Ongeza kwenye 39, wapata 64. Kipeuo chake cha pili ni 8. Toa ile 5, yabaki 3. Na kweli, 9 na 30 ni 39. Mwanafunzi wa leo hupita njia ile ile hatua kwa hatua, ila yeye hutakiwa kuandika na jibu la pili, hasi 13, ambalo al-Khwarizmi hakulitia maanani, kwa kuwa ubavu wa mraba hauwezi kupungua chini ya sifuri.

Sasa, ugumu wa watu hawa u wapi? Kwa sehemu umo katika hisabati yenyewe. Hatutaki kumdanganya mtu. Lakini sehemu kubwa imo katika njia ya kulifikia somo. Kule Marekani aljebra ya kati ni somo la shule ya sekondari, kwa hiyo akilisoma chuoni kwa kawaida halihesabiwi katika shahada yake ya chuo kikuu. Tena kwa miaka mingi mgeni alipofika chuoni alipewa mtihani mfupi, na akishindwa aliteremshwa ngazi: aanze na hesabu za kawaida, kisha utangulizi wa aljebra, kisha aljebra ya mwanzo, ndipo afike kwenye ya kati. Mihula minne hiyo, naye hajaanza bado masomo ya shahada.

Na tupige hesabu sisi wenyewe. Chukua wanafunzi 1,000 walioanzia ngazi ya chini, na tuseme kwamba katika kila ngazi saba katika kila kumi hufaulu na kuendelea, jambo ambalo mwalimu yeyote angelifurahia. Baada ya ngazi ya kwanza wamebaki 700, ya pili 490, ya tatu 343, na ya nne 240. Hakuna mwalimu aliyefanya vibaya katika ngazi yoyote, na huku watu 760 wamepotea njiani. Wengine hata hawakushindwa mtihani. Mtoto aliugua, zamu ya kazi ilibadilishwa, nauli ilikosekana. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliofanywa katika vyuo vingi vya namna hii, ulionyesha kwamba kati ya wanafunzi waliopangiwa masomo haya ya kurekebisha hisabati, ni theluthi moja tu waliomaliza ngazi zao zote. Mwaka 2012 uchunguzi mwingine ulionyesha kuwa ile mitihani ya kuwapanga wanafunzi iliwaweka wengi mahali pasipowafaa, na kwamba alama za sekondari zilitabiri vizuri zaidi. Na msaada wa serikali kwa wanafunzi maskini, uitwao Pell, tangu mwaka huo huo una kikomo cha mihula 12. Anayetumia minne kupanda ngazi ameila theluthi ya akiba yake.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Mwaka 2012 profesa Andrew Hacker, mtaalamu wa siasa, aliandika katika gazeti la New York Times akiuliza kama aljebra ni ya lazima kwa kila mtu. Jimbo la California, ambalo mwaka 2009 lilikuwa limepandisha sharti la stashahada kutoka aljebra ya mwanzo hadi ya kati, liligeuka mwaka 2017: sheria mpya ilivitaka vyuo vya jamii vitazame alama za sekondari, visimrudishe mtu nyuma bila sababu ya kweli, na vimsaidie amalize hisabati ya kiwango cha chuo kikuu katika mwaka mmoja. Huko New York, mwaka 2013, vyuo vitatu vya Chuo Kikuu cha Jiji vilifanya jaribio la haki kabisa, la kupiga kura. Wanafunzi ambao wangepelekwa aljebra ya mwanzo waligawanywa: wengine wakasoma aljebra hiyo, wengine wakaingia moja kwa moja katika takwimu za chuo, wakipewa saa za msaada kila wiki. Katika aljebra walifaulu 39 katika mia. Katika takwimu, 56.

Basi wengine wakasema, aljebra iondoke, takwimu zaitosha. Hapa ndipo twapenda kumtaja Robert Moses.

Huyu alizaliwa Harlem mwaka 1935, akawa mwalimu wa hisabati, kisha akaenda Mississippi kuwaandikisha watu weusi wapate kupiga kura. Kule mtu mweusi aliyetaka kujiandikisha alipewa kwanza mtihani wa kusoma na kueleza kifungu cha katiba, na msahihishaji alikuwa ni karani yule yule asiyetaka apite. Moses alipigwa na kufungwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1969 alikuja Tanzania na mkewe, akafundisha hadi mwaka 1976. Aliporudi kwao alikuta watoto wa watu weusi hawapewi aljebra mapema, na bila aljebra hawafiki kwenye masomo ya sayansi chuoni. Mwaka 1982 akaanzisha mpango wake wa kufundisha aljebra, akaushikilia hadi alipofariki Julai 2021. Yeye aliifananisha aljebra na kura: ni haki ya uraia, na asiyeipata atatawaliwa na walioipata.

Sisi twaona Moses alisema kweli, na twaona pia kwamba ngazi ile ya mihula minne ilistahili kuvunjwa. Mambo haya mawili hayapingani. Karani wa Mississippi hakusema kusoma ni kubaya; alikutumia kusoma kama kufuli. Mtihani wa kupanga wanafunzi haukuwa na chuki ile, lakini aliyeachwa nje aliachwa nje vile vile. Anayetaka kazi ya ustawi wa jamii na asome takwimu, kwani atazihitaji zaidi kuliko logi. Lakini tuna wasiwasi tukiwasikia watu wenye shahada, ambao watoto wao wenyewe hawakosi mwalimu wa aljebra nyumbani, wakipendekeza kwamba watoto wa wengine waisamehewe. Binti wa miaka 19 hajui bado kama atataka uhandisi akifika miaka 25.

Tena lipo jambo ambalo wagomvi wa pande zote mbili hulipita upesi. Saa zile za msaada kila wiki zahitaji mtu wa kuzitoa. Katika vyuo vya jamii vya Marekani walimu walio wengi si wa kudumu. Hulipwa kwa somo, na wako wanaofundisha asubuhi chuo hiki na jioni chuo kingine, bila chumba cha kukutana na mwanafunzi aliyekwama kwenye kipeuo. California ilitunga sheria nyingine mwaka 2022, kali kuliko ile ya kwanza, inayowasukuma wanafunzi wa sayansi waanze na kalkulasi yenyewe, na walimu wengi wa hisabati wakaipinga. Wakati wakibishana, mwalimu wa vibarua viwili yumo garini akisahihisha madaftari.