Je, Wajua? Undugu wa Meksiko na Ufilipino

Wengi hudhani Wameksiko na Wafilipino wanafanana kwa sababu tu wote walitawaliwa na Hispania. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Kuanzia 1565 hadi 1815, merikebu zilisafiri kati ya Manila na Acapulco, na Ufilipino ilisimamiwa kutoka Meksiko. Ushahidi uko midomoni: gulio la Wafilipino huitwa tiyangge, neno lenye asili ya Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko. Nako Colima, Meksiko, tembo tamu la mnazi huuzwa mitaani, karanga zikielea kikombeni, nalo huitwa tuba, jina lililoletwa na mabaharia Wafilipino pamoja na ufundi wa kugema. Hayo hayakutoka Hispania. Walipeana wao kwa wao.