Maji ya Kuoga na Maambukizi ya Damu kwa Wagonjwa wa Mapafu

Machi 2007, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa taarifa kuhusu maambukizi ya damu kwa wagonjwa wenye shinikizo la juu katika ateri za mapafu, ambao hupewa dawa ya epoprostenoli au treprostinili usiku na mchana kwa pampu ndogo, kupitia katheta, yaani mrija laini unaopita chini ya ngozi ya kifua hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Waliotumia treprostinili walionekana kuambukizwa zaidi, hasa na bakteria wa kundi la Gram hasi, ambao wengi wao huishi majini.

Kiini cha tofauti hiyo kinaelekea kuwa kwenye kimiminika chenyewe. Epoprostenoli ya wakati huo ilichanganywa katika maji yenye alkali kali, pH ya 10 na zaidi, ambamo bakteria hao hawastahimili, ilhali treprostinili haina ukali huo, hivyo wakiingia huendelea kuishi. Mgonjwa anapooga, maji hupenya kwenye hesi za kiungio cha pampu na katheta, yakatuama humo, na kiungio kinapofunguliwa ili kubadilisha dawa, tone lisiloonekana huingia ndani ya mrija. Bakteria hung'ang'ania ukuta wa plastiki, wakatoa ute unaowafunika kwa utando ambao antibiotiki huupenya kwa shida, na kutoka humo hujimwaga katika damu kidogo kidogo.

Ndiyo maana dhana iliyozoeleka kwamba ngozi kavu isiyo na usaha ni dalili ya mrija salama haina msingi, kwa kuwa njia ya maradhi haya ni ndani ya mrija. La hatari zaidi, na lisilovumilika, ni ushauri wa matapeli wanaodai kwamba shinikizo la mapafu ni presha ya kawaida, kwamba pampu izimwe na kitunguu saumu kitoshe: epoprostenoli huisha nguvu mwilini kwa dakika chache, shinikizo likapanda ghafla, na mgonjwa anaweza kufa.

Kiungio kizibwe kwa vifuniko vinavyojifunga, kizuiwe kulowa wakati wa kuoga, na kikaushwe kabla ya kufunguliwa kwa mikono iliyonawiwa. Homa au kutetemeka ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, damu ioteshwe maabara kabla ya antibiotiki, na katheta ikilazimu kuondolewa, dawa ihamishiwe kwanza kwenye mshipa mwingine.