Picha ukutani isije ikaleta msiba

Picha ya arusi, ya marehemu babu au mchoro ulionunua sokoni huipendeza sebule. Lakini je, umewahi kujiuliza itamwangukia nani iwapo msumari utang'oka?

Fremu yenye kioo ni nzito, na pembe zake zaweza kumpasua mtoto kichwa. Kwa hivyo, usiitundike juu ya kitanda wala kochi. Hapo tundika kitambaa au picha nyepesi isiyo na kioo. Kwingineko, katikati ya picha pawe sentimita 150 hivi kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima, mahali ambapo mtoto mdogo hafiki.

Kabla ya kupigilia msumari, tazama swichi na soketi zilipo. Nyaya za stima mara nyingi hupita ukutani juu, chini au kando yake; usipigilie hapo. Ukuta wa mawe hurusha vipande, basi vaa miwani ya kukinga macho. Panda ngazi imara, si kiti juu ya meza.

Kipande kikikwama jichoni, usilisugue jicho wala usijaribu kukitoa. Lifunike bila kulibonyeza na uende hospitali mara moja. Mtoto aliyegongwa kichwani akitapika, akizirai au akisinzia kupita kiasi, mkimbize huko pia.

Leo jioni, hebu zikague picha zako. Msumari ukilegea, iteremshe picha hadi utakapourekebisha. Kumbuka, kinga ni bora kuliko tiba.