Tumlaumu Mwalimu wa Timu kwa Haki

Kila Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijaanza kunguruma, hukutana baraza ambalo halikuitishwa na mtu. Wajumbe wake ni makuli wa bandarini, mafundi wa viwandani, makarani na madereva, na shauri lao ni moja tu: mechi ya jana. Timu ikiwa imeshinda, sifa humwendea aliyefunga bao. Ikiwa imeshindwa, hukumu hutolewa papo hapo, na mshtakiwa ni yule yule siku zote: mwalimu wa timu.

Hatusemi baraza hilo livunjwe. Mfanyakazi anayetoa sehemu ya ujira wake kununua tikiti anayo haki ya kuuliza fedha yake imefanya kazi gani. Na gazeti lisilouliza maswali si gazeti, ni tarumbeta. Lakini haki ya kulaumu huandamana na wajibu wa kukijua kile kinacholaumiwa. Yaliyotokea Ufaransa mwaka 1998 yafaa yawe somo kwetu sote.

Aimé Jacquet, aliyezaliwa kijijini mwaka 1941, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Alikuwa fundi wa mashine za kukata chuma, akicheza mpira baada ya saa za kazi, mpaka klabu ya Saint-Étienne ilipomchukua. Alikabidhiwa timu ya taifa wakati wa aibu kubwa. Tarehe 17 Novemba 1993, mjini Paris, Ufaransa ilihitaji sare tu dhidi ya Bulgaria ili iende katika Kombe la Dunia la 1994, ikafungwa 2-1 kwa bao la dakika ya mwisho.

Jacquet alianza kujenga upya, naye alianzia kwenye msingi, yaani ulinzi. Katika mashindano ya Ulaya ya 1996 aliwaacha nyumbani Eric Cantona na David Ginola, wachezaji wenye wapenzi wengi. Timu ilifika nusu fainali, ikatolewa na Jamhuri ya Czech kwa mikwaju ya penalti. Baada ya hapo, kwa kuwa Ufaransa ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la 1998, haikuwa na mechi za kufuzu. Kwa muda wa miaka miwili mwalimu huyu alipimwa kwa mechi za kirafiki, ambazo yeye alizitumia kujaribu wachezaji, na wengine walizitumia kumhukumu.

Gazeti kubwa la michezo la nchi hiyo, L'Équipe, lilimwandama. Lilimwona mwoga na mtu wa kizamani. Mwezi wa Mei 1998 alipotaja wachezaji 28 badala ya 22, alikejeliwa kuwa hajui anachokitaka. Wapo pia waliocheka lafudhi yake ya kijijini. Hapa ndipo lawama ilipopotea njia. Kumwuliza mwalimu kwa nini anawapanga walinzi wengi ni kazi halali ya mwandishi. Lakini kumcheka kwa namna anavyotamka maneno ni kuwadharau watu wote wanaosema kama yeye, nao ni wale wale wanaolinunua gazeti.

Tarehe 12 Julai 1998, katika uwanja wa Stade de France, Ufaransa iliifunga Brazil 3-0 na kutwaa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Zidane alifunga mawili kwa kichwa, na Petit akamaliza kazi. Katika mechi 7 timu hiyo ilifungwa mabao 2 tu. Ulinzi ule uliodharauliwa ndio uliobeba kombe. Mhariri wa L'Équipe alikiri kosa. Jacquet alijibu kwamba hatasamehe, akaiacha kazi ile akiwa bingwa mwenye jeraha moyoni.

Huenda msomaji akasema: kumbe mwalimu aachwe tu afanye atakavyo! La, hasha. Mwezi wa Januari 2024 Côte d'Ivoire, ikiwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, ilifungwa na Nigeria, kisha ikafungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta. Mwalimu wake, Jean-Louis Gasset, aliondolewa mashindano yakiendelea, na msaidizi wake Emerse Faé akashika usukani. Tarehe 11 Februari wachezaji wale wale waliifunga Nigeria 2-1 katika fainali. Kwa hiyo mabadiliko huweza kuwa dawa. Lakini tuangalie tofauti: Gasset alihukumiwa kwa mechi za mashindano zilizochezwa mbele ya macho ya wote, wala si kwa mechi za majaribio au kwa lafudhi yake.

Na sisi tujitazame. Tarehe 24 Machi 2019, Dar es Salaam, Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 na kurudi katika Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Emmanuel Amunike akawa kipenzi cha wote. Kule Misri timu ilifungwa na Senegal, Kenya na Algeria, na kabla Julai haijafika katikati mkataba wake ulikuwa umekwisha vunjwa. Pengine uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini ni wangapi kati yetu waliomsifu mwezi wa Machi kwa sababu walizoweza kuzieleza, na wangapi waliomlaani mwezi wa Juni kwa sababu walizoweza kuzieleza?

Fundi wa kiwandani hakubali msimamizi amfukuze kwa kosa la siku moja bila kusikilizwa. Haki anayoidai mbele ya mashine yake, na aitoe pia akiwa jukwaani. Mwandishi naye aukosoe mpango wa mchezo, asimtukane mtu. Na mwalimu wa timu asijifungie kimya, bali awaeleze wenye timu anachojenga, maana asiyeelezwa hukisia. Tukifanya hivyo, baraza la Jumatatu litaendelea kuwa kali kama kawaida yake, lakini litakuwa baraza la haki.