Upepo wa Mau Usigeuzwe Kisingizio

Ndege ndogo inapoanguka nchini, aghalabu maneno ya kwanza kutufikia ni "hali mbaya ya anga". Kwa mwalimu wa isimu kama mimi, maneno haya yanakera kwa kuwa hayabainishi lolote. Ukungu ni hali mbaya ya anga. Mvua ya mawe kadhalika. Na upepo wa ghafla vilevile. Kila kimoja huua kwa njia yake, na kila kimoja kina kinga yake.

Tuchukue upepo. Mkulima wa Mau Narok, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, anajua tofauti ya upepo unaovuma na upepo unaopiga. Unaovuma hulaza ngano upande mmoja, na rubani huweza kuukadiria. Unaopiga huja kwa vishindo. Ndege hushikiliwa angani na kasi ya hewa inayopita kwenye mabawa yake. Upepo wa mbele ukikatika ghafla wakati wa kutua, kasi hiyo hupungua papo hapo, ndege ikadidimia hali ardhi i karibu. Tena hewa ya Mau ni nyepesi kwa karibu robo kuliko ya Mombasa, na injini nyingi ndogo hupungukiwa nguvu za kuiinua ndege upya.

Wahenga wa pwani walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Taarifa ya hewa ya Uwanja wa Wilson haimtoshi rubani anayevuka Mau.

Mnamo Juni 10, 2008, ndege aina ya Cessna 210 iliyotoka Nairobi ilianguka Enoosupukia, katika safu hii hii ya Mau. Waziri wa Barabara Kipkalya Kones, Waziri Msaidizi Lorna Laboso na wenzao wawili walifariki. Juni 5, 2018, watu 10 waliokuwa wakitoka Kitale waliangamia katika milima ya Aberdare. Misiba ya namna hii yastahili kuelezwa kwa maneno mahususi.

Kanuni za kimataifa, zinazotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, zasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine. Lakini "hali mbaya ya anga" haizuiliki. Upepo wa ghafla waweza kukingwa: kwa kipimaupepo katika kila kiwanja kidogo, na kwa rubani aliye huru kutamka "leo haturuki", hata kama abiria wake ni waziri.