Gari Kuukuu Likigoma Asubuhi ya Baridi

Katika nyanda za juu za Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, baridi ya alfajiri ndiyo inayoyatia majaribuni magari ya zamani. Stata hupigwa mara tano, mara sita. Injini hukohoa na kunyamaza, na huenda kiti cha nyuma yumo mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Ilhali adhuhuri gari lilo hilo huwaka bila ukaidi wowote.

Sheria ya mwaka 2018 ilikomesha uingizaji nchini humo wa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini yaliyokwisha kuingia hayakuondoka barabarani. Miongoni mwao zimo Toyota Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 1990, zile ambazo petroli yake hupimwa na kompyuta. Hizo hueleza maradhi yao zenyewe, bila chombo cha gharama.

Chini ya boneti kiko kisanduku kidogo chenye vitundu vilivyoandikwa herufi. Swichi ikiwa imezimwa, tundu la TE1 huunganishwa na la E1 kwa kipande cha waya. Si tundu jingine lolote, maana kukosea huweza kuunguza fyuzi, au kitu cha thamani kuliko fyuzi. Kisha swichi huwashwa pasipo kupiga stata. Taa ya injini ikimetameta mfululizo kwa mwendo ulio sawa, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikimeta mara mbili, ikatua, ikameta tena mara mbili, hiyo ni namba 22: sensa ya joto la maji ya injini, au waya zake.

Injini iliyopoa huhitaji petroli nyingi zaidi. Njia ya sensa ikikatika, kompyuta hukisia kwamba maji yana joto la nyuzi 80, ikabana petroli kana kwamba gari limetoka safarini sasa hivi.

Hayo maneno "au waya zake" yana fedha ndani yake. Namba huonyesha njia yenye hitilafu, haisemi ni kifaa kipi kilichokufa. Sensa mpya hununuliwa, kumbe ni soketi tu iliyoota kutu ya kijani. Soketi na isafishwe kwanza, kisha sensa ipimwe kwa mita: katika nyuzi 20 huonyesha omu 2,000 hadi 3,000, katika nyuzi 80, omu 200 hadi 400. Ikisoma hivyo ni nzima, na irudishwe mahali pake.

Pasipokuwa na namba yoyote, stata isikilizwe. Ikizunguka kwa uvivu, betri ndiyo ya kushukiwa.

Baada ya matengenezo, swichi ikiwa imezimwa, fyuzi iliyoandikwa EFI hutolewa kwa zaidi ya sekunde 10 ili kufuta namba. Jaribio la kweli hungoja alfajiri ya kesho, injini ingali baridi.